Koili Imekwenda Wapi? Kufundisha Chipu za Redio za Silikoni katika Shule za Nyanda za Kati

Utangulizi

Mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, akiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari mkoani Dodoma, alifundisha somo la upokeaji wa redio kama lilivyoandikwa kitabuni. Alichora ubaoni antena, koili, kapasita ya kugeuza, na transista. Mchoro ulikuwa safi na maelezo yalikuwa sahihi. Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi mmoja, kijana ambaye siku za Jumamosi humsaidia kaka yake kutengeneza simu sokoni, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mimi nimefungua redio ndogo nyingi na simu nyingi. Koili hiyo sijaiona, wala kapasita ya kugeuza sijaiona. Imekwenda wapi?"

Mwanachuo alijibu kwamba hiyo ni teknolojia ya juu, nayo haitatoka katika mtihani. Sisi wakufunzi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tuliandika katika daftari la tathmini, "Hakujibu swali." Kisha tukatazamana, maana hata sisi hatukuwa na jibu lililo tayari.

Makala hii imetokana na swali lile. Madhumuni yake ni kumwonyesha mwalimu wa fizikia namna ya kulifikisha darasa lake kwenye chipu ya redio ya silikoni: jinsi ilivyo, matatizo yanayowakabili wanaoibuni na kuitengeneza, na mwelekeo wa kazi hiyo katika miaka ijayo. Vifaa vyote tulivyotumia hupatikana Dodoma, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni bila ya gharama kubwa.

Kwa nini tufundishe jambo hili

Redio si ngeni katika elimu ya nchi yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza vipindi vya redio na kujadiliana. Redio za siku zile, mtu akizifungua, alikuta viungo vinavyohesabika. Fundi wa kijijini aliweza kukionyesha kidole kila kiungo na kusema kazi yake.

Leo mwanafunzi wa Bahi au Chamwino hubeba mfukoni redio nyingi kwa pamoja bila kujua. Simu yake huzungumza na mnara kwa masafa ya karibu megahezi 900 au 1800, hupokea setilaiti za kuonyesha mahali kwa megahezi 1575, na hutumia Wi-Fi na bluutuuthi kwa masafa ya karibu megahezi 2400. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa kizazi cha tano ulizinduliwa nchini. Zote hizo ni redio, na karibu zote zimo ndani ya vipande vya silikoni vyenye ukubwa wa ukucha au chini yake. Mwalimu akiishia kwenye kapasita ya kugeuza, amefundisha historia akidhani amefundisha fizikia ya leo. Vibaya zaidi, amemfundisha mtoto kwamba kitu kilichomo mfukoni mwake hakiulizwi.

Jambo moja la kushika

Mwalimu asijaribu kueleza kila kitu. Ashike jambo moja tu, nalo ni hili: ugumu wa chipu ya redio hautokani hasa na udogo wake, bali na kazi ya kulilinda wimbi dhaifu lisipotee wala lisichafuliwe.

Chipu ya hesabu huuliza swali moja: umeme upo au haupo? Ukipungua kidogo, jibu halibadiliki. Chipu ya redio huuliza maswali zaidi: upo kwa kiasi gani, unatetemeka kwa masafa gani, na umechanganyika na nini? Kila kinachoongezeka au kupungua hulibadili jibu. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Vifaa

Redio ya zamani yenye mawimbi ya kati na fimbo nyeusi ya feraiti, redio ndogo ya FM ya siku hizi iliyokufa, kalkuleta au chaja ya simu, kifuniko cha sufuria cha alumini, ilimba au zeze, kitambaa kilicholowa maji, rula. Simu iliyokufa yaweza kutumiwa, lakini betri yake iondolewe kwanza na mwalimu mwenyewe, wala isitobolewe, kwa kuwa betri za lithiamu huweza kuwaka. Chaja isifunguliwe kamwe.

Hatua ya kwanza: urefu wa wimbi

Wanafunzi wakokotoe urefu wa wimbi kwa kugawanya 300 kwa masafa yaliyo katika megahezi. Kwa megahezi 100 watapata meta 3. Kwa 900, sentimeta 33. Kwa 1800, karibu sentimeta 17. Kwa 3500, karibu sentimeta 8.6, na kwa 28,000, sentimeta 1 na kidogo. Wapime urefu huo kwa rula na kwa hatua za miguu uwanjani, ili namba zipate mwili.

Kisha zifunguliwe redio mbili. Katika ya zamani wataona fimbo ya feraiti iliyozungushiwa waya, kapasita yenye mabamba, na transista kadhaa. Katika mpya wataona chipu moja au mbili, na mara nyingi kopo dogo la fedha lenye kioo cha kwatzi kama cha saa ya mkononi. Hapa swali la yule kijana lipate jibu lake. Masafa yanapopanda, koili inayohitajika huwa ndogo, hata ikaweza kuchorwa kama mviringo wa konokono juu ya silikoni, upana wake ukiwa chini ya milimeta moja. Katika chipu nyingi za FM, osileta ya ndani hutetemeka kwa masafa ya juu kuliko ya kituo, kisha sakiti za kuhesabu huyagawanya mpaka yafae. Kapasita ya kugeuza nayo imegawanywa kuwa kapasita ndogo nyingi zinazowashwa na kuzimwa kwa transista. Kile kioo cha kwatzi ndicho kipimo cha ulinganifu: hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Waulizwe wanafunzi namba hiyo igawanywe kwa 2 mara ngapi hata ibaki 1. Jibu ni mara 15, na mtoto atafahamu kwa nini saa na redio hutumia kioo kile kile.

Basi koili haikupotea. Imelala ndani ya silikoni, na hapo ndipo matatizo yake yanapoanza.

Hatua ya pili: ilimba iliyonyamazishwa

Wagogo wana ilimba, ala ya vijiti vya chuma juu ya sanduku la mti, iliyojulishwa ulimwenguni na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Katika ilimba kubwa vimo vijiti visivyoguswa na kidole, ambavyo huvuma vyenyewe kijiti cha sauti inayolingana navyo kinapopigwa. Huo ndio mvumo wa kuitikiana, na ndivyo koili na kapasita zinavyomwitikia mtangazaji mmoja na kuwaacha wengine.

Mwanafunzi apige kijiti kimoja, darasa lihesabu sauti inadumu kwa muda gani. Kisha kitambaa kilicholowa kiwekwe juu ya mashina ya vijiti, apige tena. Sauti itakufa upesi, na tofauti kati ya kijiti na kijiti itafifia. Mwalimu aeleze: nishati imemezwa na kitambaa. Koili nzuri ya waya mnene hewani ni kama ilimba iliyo huru. Koili iliyochorwa juu ya silikoni ya kawaida ni kama ilimba yenye kitambaa, kwa sababu waya wake ni mwembamba, na sakafu ya silikoni iliyo chini yake hupitisha umeme kiasi.

Hatua ya tatu: jirani mwenye makelele

Redio ya zamani iwashwe kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na kituo, kisha isogezwe karibu na kalkuleta au chaja iliyochomekwa. Mngurumo utasikika. Wanafunzi wasogeze na kuondoa, wageuze redio upande, na waandike mahali kelele inapozidi.

Kalkuleta inahesabu kwa kuwasha na kuzima umeme mara nyingi, na kila badiliko la ghafla hutoa wimbi. Sasa waombwe kufikiri: itakuwaje kalkuleta hiyo na redio zikiwekwa juu ya kipande kimoja cha silikoni, umbali wa milimeta 1? Hivyo ndivyo chipu za simu zilivyo. Sehemu ya hesabu huitikisa sakafu, na sehemu ya redio husikia mtikisiko huo. Mbunifu hana budi kujenga kuta na mitaro ya umeme kati ya majirani hao, na kuchagua masafa ya hesabu yasiyoangukia juu ya masafa ya kusikiliza.

Hatua ya nne: kifuniko cha sufuria

Redio ikiwa bado inanguruma, mfuniko wake wa nyuma ukiwa wazi, kifuniko cha alumini kiletwe polepole kando ya fimbo ya feraiti. Mngurumo utapungua. Kiondolewe, utarudi. Usiku, kituo cha mbali kinaposikika, jaribio hili huwa bora zaidi, kwa maana redio hupoteza hata kituo chenyewe. Umeme unaozunguka ndani ya alumini umeila nishati ya koili na kuubadili mvumo wake.

Mwalimu aonye kwamba silikoni si alumini; hupitisha umeme kidogo tu. Lakini funzo ni lile lile: kilicho chini ya koili si sakafu tu, ni sehemu ya sakiti. Kisha aulize, "Tufanyeje ili koili ipone?" Darasa letu lilitoa majibu mawili: kuisogeza koili mbali na kifuniko, na kubadili kifuniko kiwe cha mbao. Hayo ndiyo majibu ya wahandisi. Wengine huiinua koili kwenye tabaka la juu kabisa la chipu. Wengine hutumia silikoni yenye ukinzani mkubwa, iliyotengwa na transista kwa tabaka jembamba la kihami. Sahani za namna hii za kampuni ya Soitec ya Ufaransa hutumika kutengenezea swichi za antena za simu nyingi duniani. Wanafunzi walipoambiwa hivyo walipiga makofi, na sisi tuliona wamestahili.

Hatua ya tano: mdomo mkubwa na sikio dogo

Simu ya kizazi cha pili huweza kutoa wati 2 inapoita mnara wa mbali kwa megahezi 900. Simu hiyo hiyo yatakiwa isikie wimbi lenye nguvu chini ya sehemu moja ya wati iliyogawanywa mara trilioni 10. Ni sawa na mtu kupiga ngoma huku akisikiliza nyayo za siafu.

Kwa mdomo huo transista ndogo za leo ni dhaifu. Kadiri zinavyofanywa ndogo ili ziwe za haraka, ndivyo volti zinazoweza kustahimili zinavyopungua, hata zikabaki karibu volti 1. Ndiyo maana katika simu nyingi kikuza nguvu cha kurushia mawimbi bado hutengenezwa kwa galiamu na aseniki, si kwa silikoni. Kwa muda mrefu watu walidhani silikoni ya bei nafuu haifai hata kwa sikio. Katika miaka ya 1990 watafiti kadhaa, miongoni mwao Asad Abidi, mhandisi wa asili ya Pakistan katika chuo kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba yafaa, na matokeo ya kazi hiyo ndiyo redio za bei ndogo zilizoenea leo.

Matatizo ya kiwandani

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kikwazo chetu ni malighafi. Sivyo. Silikoni imo katika mchanga na katika mawe ya kwatzi yaliyotapakaa nyanda zetu. Kazi kubwa ni kuisafisha hata ibaki chembe ngeni moja tu katika chembe bilioni 1, kuikuza iwe pande moja la kioo, kuikata sahani, na kuichora tabaka baada ya tabaka katika chumba kisicho na vumbi. Kiwanda kikubwa chaweza kutumia maelfu ya meta za ujazo za maji safi kwa siku, na umeme usiokatika hata kwa sekunde moja. Mji wa Dodoma, unaotegemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, unajua thamani ya maji. Mwalimu aliseme jambo hili wazi, ili mtoto asipewe ndoto isiyopimwa.

Tatizo jingine ni upimaji. Waya mfupi wa milimeta 1 una induktansi ya nanohenri 1 hivi. Wanafunzi wa kidato cha sita wakokotoe kizuizi chake: kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 si kitu, kwa gigahezi 28 ni karibu ohmu 176. Sindano ya kupimia chipu, yenyewe, huwa sehemu ya kinachopimwa. Tena hakuna sahani mbili zinazofanana kabisa, na kosa dogo la mbunifu hugunduliwa baada ya miezi ya kungoja na fedha nyingi kutumika.

Mwelekeo wa siku zijazo

Ziko njia nne ambazo mwalimu aweza kuzitaja. Ya kwanza ni kuchanganya silikoni na jerimani, elementi namba 32, ili kupata transista za haraka. Taasisi ya IHP ya mji wa Frankfurt (Oder), Ujerumani, imefikia transista zenye kikomo cha gigahezi mamia, kwa mistari ya nanometa 130, ambayo si midogo kwa vipimo vya leo. Jerimani hiyo inatugusa kwa karibu. Mwezi Oktoba 2024 kampuni tanzu ya Gécamines ilianza kupeleka Ubelgiji mchanga wenye jerimani uliotolewa katika lundo la masalio ya madini mjini Lubumbashi, mji wa watu wasemao Kiswahili. Yapasa tuongeze kwamba sehemu kubwa ya jerimani duniani huenda kwenye nyuzi za kioo za mawasiliano na lenzi za miali joto. Chipu hutumia kidogo.

Ya pili ni kupanda galiamu na naitrojeni juu ya silikoni, ili mdomo wa minara upate nguvu. Ya tatu ni antena nyingi ndogo zilizofungwa pamoja na chipu, zinazoelekeza wimbi kama tochi. Jambo hilo limewezekana kwa sababu ya urefu ule wa sentimeta 1 tulioukokotoa.

Ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi. Redio hazihitaji daima mistari midogo kuliko yote. Viwanda vya zamani bado vinafaa. Mwaka 2020 kampuni ya SkyWater ya Marekani, ikishirikiana na Google, ilitoa wazi kanuni za kubunia chipu za nanometa 130. IHP nayo ikafuata kwa mchanganyiko wa silikoni na jerimani. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye kompyuta ya kawaida aweza kubuni kikuza wimbi kwa programu za bure, bila ya kuweka sahihi ya siri na kampuni yoyote. Karibu nasi, Nyeri nchini Kenya, kiko kiwanda kidogo cha semikondakta katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kugharimia upembuzi yakinifu wa kukipanua. Hatusemi kwamba kesho tutajenga kiwanda Dodoma. Tunasema kwamba kubuni na kupima kunaweza kuanza kabla ya kiwanda, na kwamba kazi hizo zinataka watu waliozoea kuuliza wimbi limepotelea wapi.

Makosa tuliyoyaona

Kwanza, wanachuo wengine waliyageuza majaribio kuwa maonyesho. Walishika vifaa wao wenyewe huku darasa likitazama. Jaribio lisiloguswa na mwanafunzi ni hadithi tu. Pili, wengine waliukwepa mfano wa ilimba wakidhani unashusha hadhi ya sayansi, ilhali hakuna jaribio lililozaa maswali mengi kuliko hilo. Tatu, wengine waliendelea na Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na majadiliano yakafa. Tulipowaruhusu wanafunzi wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike istilahi za mtihani kwa Kiingereza, hoja zilifunguka.

Tathmini

Maswali haya yatamwonyesha mwalimu kama somo limeeleweka:

1. Kwa nini kosa dogo la umeme haliidhuru kalkuleta, lakini huidhuru redio?
2. Eleza njia mbili za kuiponya koili iliyo juu ya silikoni, ukitumia jaribio la kifuniko cha sufuria.
3. Mhandisi ameweka sakiti ya hesabu karibu na sikio la redio. Mshauri.
4. Kijiji kiko kilometa nyingi kutoka mnarani, na simu humaliza chaji upesi. Ni sehemu gani ya redio inayofanya kazi zaidi, na kwa nini?

Hitimisho

Muhula uliofuata tulirudi na mwanachuo yule yule katika shule ile ile. Safari hii alianza somo kwa kumwita yule kijana wa sokoni mbele ya darasa na kumkabidhi bisibisi. Kijana alifungua redio, akaonyesha chipu, akasema, "Koili imo humu." Kisha akauliza swali jingine: kama sakafu ya silikoni ndiyo inayokula wimbi, kwa nini wasiikwangue chini ya koili ikabaki hewa? Mwanachuo hakusema kwamba swali halitatoka katika mtihani. Alisema, "Hebu tufikiri pamoja." Wako wahandisi waliojaribu jambo hilo hilo na likafaa kwa koili, ingawa kipande hudhoofika na gharama huongezeka.

Walimu wenzetu, swali kama hilo limo katika kila darasa la nyanda hizi. Yatupasa tuwe tayari kulipokea.